Tupeane uzoefu: usingizi kuruka na moyo kuwa mzito hedhi inapokoma

Bi Mikindani: Kina mama na wauguzi wa Mtwara na Lindi, karibuni. Tuelezane tiba ya mazungumzo, ile ya vikao na mshauri, inafanywaje hasa. "Pumzika tu mama" tumeshaisikia.

Muuguzi Shangani: Kwa kawaida ni vikao sita hadi nane, kimoja kwa wiki, na kazi kubwa iko nyumbani. Wiki ya kwanza ni daftari: umepanda kitandani saa ngapi, umelala kwa muda gani, umeamka mara ngapi, umetoka saa ngapi. Andika asubuhi kwa kukisia, maana kutazama saa usiku kunafukuza usingizi.

Halafu hesabu. Mama anapanda saa tatu usiku na kutoka saa kumi na moja alfajiri. Hayo ni masaa manane, lakini usingizi ni matano na nusu. Sasa, ili muda wa kitandani ulingane na usingizi, apande saa tano na nusu usiku, atoke alfajiri ile ile, adhana itamsaidia. Masaa matano kitandani ndiyo mwisho wa kupunguza. Wiki ikipita akilala asilimia 85 ya muda wa kitandani, aongeze robo saa. Wengi huachia hapa, kwa sababu mwanzoni uchovu unazidi. Siku hizo usiendeshe pikipiki. Mwenye kifafa asijaribu bila daktari.

Mama Nachingwea: Kinachovuruga hesabu ni ule usingizi wa mchana mkekani baada ya ugali. Na usiku, ukigaagaa kama robo saa, toka kakae kwenye kiti, mwanga hafifu, simu mbali. Rudi ukisinzia. Chomekea chandarua upya, mbu hawana huruma.

Dada Newala: Na mafukuto je, lile joto la ghafla mwilini? Huku juu kuna baridi lakini shuka zinalowa.

Muuguzi Shangani: Yakianza, pumua taratibu kwa tumbo, pumzi sita hadi nane kwa dakika. Zoea mchana kwanza. Ukisubiri ya usiku, mwili haufuati. Mshauri atakuuliza pia lile wazo linalokujia, mfano "leo silali tena, kesho nimekwisha". Mnalipima pamoja: mara ya mwisho ilikuwa hivyo kweli? Wazo likitulia, usumbufu wa fukuto unapungua.

Ila dada, jasho la usiku lisihukumiwe haraka. Kuna homa? Pima malaria. Kikohozi wiki mbili na unakonda? Pima kifua kikuu.

Mshauri Lindi: Moyo mzito usisubiriwe upone ndipo mtu atoke. Panga jambo moja dogo kwa siku na saa yake: kusuka ukili na jirani, kwenda kikoba. Andika hali ya moyo kabla na baada, sifuri hadi kumi. Kosa ni kupanga makubwa, yakishindikana unajilaumu. Mawazo ya kujidhuru, hospitali siku hiyo hiyo. Damu ikirudi baada ya mwaka bila hedhi, nenda ukapimwe. Hilo si la mazungumzo.

Mama Nachingwea: Na ukienda kwa mshauri, beba daftari. Bila hilo kikao cha kwanza kinaisha kwa kukisia.