Naomba ushauri: mtoto wa miaka 5 na uimbaji wa Kihindustani

Habari zenu ndugu. Tunaishi Pune, India, na binti yetu ameanza kujifunza kuimba muziki wa Kihindustani, yaani muziki wa jadi wa kaskazini mwa India. Mwalimu anampa noti saba, Sa (ndiyo noti ya msingi), Re, Ga, Ma, Pa, Dha, Ni, kupanda na kushuka, na sasa raga (mpangilio wa noti wa kuimbia) iitwayo Bhupali, yenye noti tano tu, haina Ma wala Ni. Nyumbani namwekea mlio wa tanpura (ala ya nyuzi inayotoa mlio mmoja mfululizo wa kumshikia Sa) kwenye simu. Anapenda sana, jamani, mpaka anaimba akioga! Ila Sa ya mwalimu iko chini mno kwake, sauti inafifia kabisa. Je, nyumbani nimpandishie Sa, au nitamchanganya? Na kinanda cha harmonia kinafaa, au abaki na tanpura kwanza? Mliolea watoto kwenye muziki huu, naombeni mnisaidie.