MJADALA: Ekspansheni mpya ya gemu ikitoka, jasho la wachezaji wa zamani lifutwe au libaki?

Sakina, Arusha (mleta mada)

Wakuu, habari za jioni. Hili nimelileta hapa kwa sababu kwenye kundi letu la WhatsApp limeshatugawa. Sisi wapenzi wa gemu za mtandaoni wa Arusha na Moshi tunatafuta gemu moja tuianze pamoja, za upanga na uchawi, zile ambazo maelfu ya watu mnaishi dunia moja. Tumekwama kwenye ekspansheni. Gemu kubwa za aina hii, kila baada ya miaka miwili hivi, hutoa nyongeza kubwa: ardhi mpya, maadui wapya, na mara nyingi levo mpya. Swali langu: ni haki nyongeza hiyo iue thamani ya vitu ambavyo mtu amevihangaikia miaka yote?

Msimamo wangu nauweka wazi mapema. Si haki. Waongeze ardhi wanavyotaka, ila kilichopo wakiache.

Chukueni World of Warcraft, maana wengi wetu tumeicheza au tumewaona kaka zetu wakiicheza. Ilitoka Novemba 2004, mwisho ulikuwa levo 60. Juni 2006 ikafunguliwa Naxxramas, ngome ngumu kuliko zote za wakati ule. Mnaingia watu 40, na makundi yaliyoimaliza dunia nzima yalikuwa machache mno. Januari 2007, miezi saba tu baadaye, ikaja The Burning Crusade. Levo ikapanda hadi 70, lango la kwenda Outland, ardhi mpya, likafunguliwa, umati ukahamia huko.

Sasa tazameni kinachokupata Hellfire Peninsula, sehemu ya kwanza ukishavuka lango. Unatumwa kazi ndogo, ukaue wanyama kadhaa porini. Unarudi kwa askari aliyekutuma, anakupa upanga wa kijani, yaani daraja la chini kabisa la vitu vyenye faida. Unausogezea kipanya usome namba zake. Halafu unasoma za upanga wako wa zambarau, daraja la juu, ule ulioupata kwenye ngome ya Molten Core baada ya kukesha na wenzako wiki kwa wiki. Mara nyingi namba za kijani zinakuwa zimefika pale pale au zimepita. Ule wa zambarau unakwenda benki, na kutoka huko hautoki tena vitani.

Kwetu huku inauma zaidi. Mwenzetu wa Ujerumani ana intaneti ya nyumbani isiyohesabiwa na seva iko karibu naye. Sisi wengi tunasubiri bando la usiku, seva iko Ulaya, na umeme ukikatika katikati ya pambano umewaangusha wenzako wote. Upanga ule ule unatugharimu muda mwingi kuliko yeye. Kwa hiyo ukiufuta, aliyepoteza zaidi ni sisi.

Nawasilisha.

Pasua, Moshi

Mkuu, nimekusoma neno kwa neno na nakupinga.

Ligi Kuu ikianza msimu mpya, Simba na Yanga wanaanza na pointi sifuri sawa na timu iliyopanda daraja juzi. Sijawahi kusikia mtu akisema bingwa amedhulumiwa. Ekspansheni ndiyo msimu mpya wenyewe. Bila hiyo, mtu aliyeanza 2004 atakuwa mbele yangu maisha yake yote na yangu, na mimi niliyechelewa kununua kompyuta nitabaki wa kubeba mizigo.

Na hiyo hoja ya kuongeza bila kupunguza ina mwisho wake. World of Warcraft ilipandisha levo 60, 70, 80, 85, 90, 100, 110, hadi 120 mwaka 2018. Nani mpya ataangalia namba hiyo akawa na hamu ya kuanza? Mwaka 2020, walipokuwa wanaileta ekspansheni ya Shadowlands, waliokuwa 120 wakashushwa hadi 50, na kilele kikarudi 60. Walilazimika, maana mrundikano ulishazidi.

Halafu jibu na hili: kama kufuta ni dhuluma, mbona baada ya The Burning Crusade, na baada ya Wrath of the Lich King ya 2008, watu waliongezeka? Oktoba 2010 Blizzard, kampuni yenye gemu hiyo, walitangaza wamefikisha wachezaji milioni 12 wanaolipia. Watu hawalipii mahali wanapodhulumiwa.

Sakina, Arusha (mleta mada)

Mkuu wa Pasua, mfano wako naupokea, ila umeuishia nusu. Msimu ukiisha kombe linabaki kabatini, na uwanja wa Sheikh Amri Abeid haubomolewi kwa sababu ligi imeanza upya.

Blizzard uwanja waliubomoa. Ekspansheni ya Cataclysm, Desemba 2010. Thousand Needles ikajaa maji, Barrens ikapasuliwa vipande viwili, mji wa Auberdine ukawa magofu. Mabadiliko hayo ya ardhi ya zamani yalimkuta hata ambaye hakununua ekspansheni, kwa sababu dunia ni moja. Mtu amelala Barrens yake ikiwepo, kaamka haipo, na hakuna pesa ya kuirudisha.

Wachezaji wakaomba miaka na miaka warudishiwe dunia ya kwanza. Mwaka 2013, kwenye mkutano wa Blizzard wenyewe, mmoja wa viongozi wao aliulizwa swali hilo akajibu kwamba mnadhani mnaitaka lakini hamuitaki. Aprili 2016 seva binafsi ya Nostalrius, iliyokuwa inaendesha gemu ile ya mwanzo bila ruhusa, ikafungwa kwa shinikizo la mawakili wao. Zaidi ya watu 200,000 wakatia saini kulalamika. Agosti 2019 Blizzard hao hao wakafungua World of Warcraft Classic, na siku za mwanzo watu walipanga foleni ya saa nyingi kuingia. Mkuu, hao wote walikuwa wanalilia nini kama hakuna kilichopotea?

Na hao milioni 12 unaowataja, katikati ya 2015 walibaki milioni 5.6, na mwaka huo huo kampuni ikatangaza kuacha kutoa hesabu hiyo. Sisemi sababu ni ekspansheni peke yake. Nasema usiitumie namba ya 2010 kama hukumu.

Njiro, Arusha

Kaka zangu, naomba na mimi nichangie. Mimi ni mama wa watoto wawili na gemu hizi nimezicheza tangu niko chuo.

Panga nyingine zitapatikana. Kinachoniuma mimi ni watu. Mleta mada ametaja makundi ya 40, akapita haraka, na mimi naona hapo ndipo penye jambo kubwa. The Burning Crusade ilipokuja, mapambano makubwa yakawa ya watu 25, na ngome ya kwanza, Karazhan, ikawa ya watu 10. Hebu fanyeni hesabu kama kiongozi wa gildi, yaani kundi la kudumu la wachezaji. Mna watu 40 mliozoeana, mnajuana sauti, mnajua nani anaitwa na mkewe saa ngapi. Leo nafasi ni 25. Hao 15 utawaambia nini? Na kabla ya hapo uwagawe kumi kumi kwa ajili ya Karazhan: kumi la kwanza litachukua hodari wote, la mwisho litakuwa la watu wanaojijua kwamba wao ndio wa mwisho. Gildi nyingi zilivunjika wakati ule, na mara nyingi ugomvi ulikuwa huu wa nani abaki nje.

Kuna wa pili anayeachwa ambaye hamjamgusa: asiye na hela siku ile. Ekspansheni mpya ni kama dola 50, na World of Warcraft ya Marekani ni dola 15 kila mwezi juu yake. Wenzako wote wamevuka lango, wewe umebaki upande huu unazungumza na watu unaosoma tu majina yao. Ni kweli tangu 2018 ukilipia mwezi unapewa ekspansheni zote za nyuma, lakini ile mpya, ambako watu wote wapo, bado unainunua.

Halafu tuwe wakweli, wakati mwingine sisi wachezaji ndio tunaoitaka dunia iwe tupu. Outland ilituletea vipando vinavyoruka. Raha sana, sikatai. Ila barabarani ndipo mlipokuwa mnakutana, mnasaidiana, mnapigana. Ukishapaa, huoni mtu. Kwenye ekspansheni ya Warlords of Draenor watengenezaji walitoa gemu bila kuruka, na Mei 2015 wakasema hawatarudisha kuruka. Zikapigwa kelele kubwa mpaka Juni wakarudi nyuma.

Mimi mwenyewe napata dakika arobaini watoto wakishalala. Desemba 2009, ndani ya kipindi cha Wrath, walipoweka mfumo wa kukutafutia watu wa kuingia nao pangoni, kwangu ilikuwa nafuu kubwa, maana zamani ungesimama mjini ukiita watu mpaka muda wako unaisha. Lakini tangu siku hiyo nimeingia na watu ambao sikumbuki hata jina moja. Yote mawili ni kweli, na sijui ningechagua lipi.

Usa River

Wakuu, kufuta na kutofuta si njia mbili tu. Final Fantasy XIV wanapandisha levo kila ekspansheni, na bado mapango ya 2013 yana watu mpaka leo. Kila siku gemu inakupa zawadi nzuri ukikubali kutupwa kwenye pango lolote la nyuma, na ukiingia inakushusha hadi levo ya pango lile. Mkongwe na mgeni wanapigana bega kwa bega bila mkongwe kumaliza kila kitu kwa pigo moja.

Tatizo lao liko kwingine. Hadithi lazima uifuate kwa mpangilio, kutoka A Realm Reborn, Heavensward, Stormblood, Shadowbringers, Endwalker, hadi Dawntrail ya 2024. Kila ekspansheni inamsukuma mgeni mbali zaidi na rafiki zake. Mwaka 2020 ilibidi waipunguze hadithi ya mwanzo, na wanauza tiketi ya kuruka hadithi kwa pesa. Kwa upande mzuri, jaribio la bure linakufikisha levo 70 na Stormblood yote imo.

Majengo, Moshi

Naunga mkono hoja ya Pasua. Kampuni inalipa seva na mishahara. Wasipouza kipya gemu inafungwa, na hapo na upanga wa zambarau na wa kijani vyote vimekwenda.

Moshi mjini, mwanafunzi

Shikamooni wakubwa. Mimi sina kompyuta, nacheza Old School RuneScape kwenye simu, ipo tangu Oktoba 2018 na haili bando. Naona ndiyo inayojibu swali la mleta mada.

Novemba 2012 RuneScape walibadilisha mfumo mzima wa kupigana. Wachezaji wengi wakaondoka. Februari 2013 Jagex, kampuni yenye gemu hiyo, wakauliza kwa kura kama watu wanataka ya zamani, zikapigwa zaidi ya kura 400,000, wakafungua seva mpya kwa nakala waliyokuwa wameihifadhi ya Agosti 2007. Tangu hapo, jambo kubwa jipya haliingii mpaka wachezaji wapige kura. Zamani ilitakiwa asilimia 75, tangu 2022 ni 70. Ujuzi wa ubaharia ulipigiwa kura 2015 ukakwama, ukarudi 2023 ukapita, na ukaingia Novemba 2025. Wameongeza bahari nzima na ujuzi wa mtu bado unasoma levo 99, kilele chake, pale pale alipouacha.

Pasua, Moshi

Mdogo wangu, marahaba. Umeongea vizuri kuliko sisi, lakini angalia hesabu hiyo. Kwa asilimia 70 ya sasa, zaidi kidogo ya asilimia 30 ya wapiga kura wanatosha kuwazuia wengine wote. Na wanaopiga ni waliolipia tu. Kama unacheza bure huna kura, na ambaye hajaanza kucheza hana kabisa. Wakongwe wanalinda cha kwao, mgeni hana wa kumsemea. Ndiyo maana narudi pale pale: anayemfikiria mgeni ni ekspansheni inayorudisha watu mstari mmoja.

Sakina, Arusha (mleta mada)

Hoja ya mgeni kutokuwa na kura ni nzito, naikubali. Lakini mgeni wa leo ndiye mkongwe wa ekspansheni ijayo. Ukimkaribisha kwa kufuta vya wenzake, miaka miwili mbele utafuta na vya kwake.

Kwa hiyo kura yangu naipeleka Guild Wars 2. Ilitoka Agosti 2012 na kilele cha levo 80, na mpaka leo ni 80. Heart of Thorns ya 2015 ilileta kupaa kwa mabawa, Path of Fire ya 2017 ikaleta wanyama wa kupanda, kila mmoja na kazi yake: mmoja anaruka miamba, mwingine anateleza juu ya maji. Unapewa uwezo mpya, na vazi bora ulilovaa miaka kumi iliyopita linaingia vitani leo. Ukirudi ardhi za mwanzo levo yako inashushwa, na huko kuna watu. Haina malipo ya mwezi, na gemu ya msingi ni bure tangu 2015. Mkuu wa Pasua, mgeni anafikia levo 80 bila kuhitaji mtu yeyote afutiwe chochote.

Pasua, Moshi

Atafika 80, ndiyo. Akifika atakuta wenzake wana wanyama wote na uwezo wote, na yeye anatembea kwa miguu. Bado sijashawishika. Ila malipo ya mwezi kutokuwepo ni jambo la maana, na kwa hilo nipo tayari kuijaribu.

Njiro, Arusha

Kabla hatujapiga kura tujue nani ana nini. Guild Wars 2 haichezwi kwenye simu, na huyu mdogo wetu wa Moshi si peke yake. Kila mtu aandike hapa chini: kompyuta au simu, na saa ngapi usiku bando lake linaanza. Mimi ni kompyuta, saa tatu na nusu watoto wakishalala.

Moshi mjini, mwanafunzi

Simu. Saa sita usiku.