Tupeane uzoefu: mnaoishi jirani na ziwa, masika mkifyeka uwanja mnakutana na nini?

Duluti Juu: Wadau, mvua zimeshafunguka huku Tengeru na majani hayasubiri mtu. Leo nimeshika fyekeo upande wa nyuma unaoshukia ziwani, nikamkuta kenge kajianika juu ya lundo la matofali. Nimepiga makofi, wapi. Nyie wa ziwa Chala, ziwa Jipe, bwawa la Nyumba ya Mungu, mnakutana na nini? Tupeane uzoefu.

Mama Vifaranga: Huyo kenge ndiye anayenimalizia mayai. Anapenya chini ya mlango wa banda, na kutoka anatoka kwa kujivuta. Mimi sina huruma naye.

Mangi Mpole: Nyumba ya Mungu hapa. Kwetu kenge ni mgeni wa heshima. Ngojeni ninunue bando nije nisimulie.

Binti Usa: Kwangu ni siafu. Mvua ikishakolea wanahama kwa mstari, wanapita ndani kama hakuna mwenye nyumba. Walishatukimbiza kitandani usiku, na vifaranga waliokuwa kwenye tenga hakubaki hata mmoja. Mwaga jivu kuzunguka msingi.

Fundi Bomba: Jivu likilowa ni tope tu. Piga mafuta ya taa.

Binti Usa: Mafuta ya taa, banda la mabanzi, na wewe na sigara yako. Haya.

Kahawa Chungu: Angalieni malundo ya nyasi mlizofyeka jana. Mdogo wangu alikumbatia lundo alipeleke shimoni, kumbe kifutu yumo. Yule hakimbii, analala tu akitegemea rangi yake. Kamgonga juu ya kifundo cha mguu. Jirani akaja mbio na wembe, mwingine na lile jiwe jeusi, eti linyonye sumu. Mama akawafukuza wote. Tukamvua kiatu mapema kabla mguu haujavimba, tukamkataza kutembea, tukampakia kwenye pikapu ya mboga hadi hospitali. Uvimbe ulifika pajani, lakini mguu anao hadi leo. Nyasi zishikwe kwa reki, na gambuti mguuni.

Mzee wa Isale: Panda vitunguu saumu kuzunguka nyumba, nyoka hakatizi.

Kahawa Chungu: Mzee shikamoo, lakini kwetu vitunguu vipo na nyoka tumemkuta humo humo kwenye tuta.

Mzee wa Isale: Marahaba. Hivyo vitakuwa vya dukani.

Mangi Mpole: Haya, bando limeingia. Shemeji yangu alipata kiwanja kando ya bwawa, akasema anataka akikaa barazani aone maji. Tukafyeka matete yote hadi ukingoni, tukapiga nguzo na seng'enge, tukapanda mahindi. Sasa kwenye yale matete palikuwa na njia pana, imekanyagwa vizuri, mifereji miwili na katikati kituta cha majani. Mvuvi mmoja mzee akapita, akaiangalia, akasema, "Wanangu, njia hii ina mwenyewe." Shemeji akadhani anadaiwa kiwanja, akaenda ndani kuleta hati.

Mahindi yalipofika magotini, usiku mmoja mvua imekatika, mbwa wakaacha kubweka wakajificha chini ya gari. Nikasikia nguzo zinakatika, moja, kimya, nyingine. Namulika dirishani: kiboko! Kasimama katikati ya shamba, waya unaning'inia begani, anatafuna bila haraka.

Balaa sasa: mama mkwe wa shemeji alikuwa choo cha nje, upande wa maji. Kiboko juu, bwawa chini, bibi katikati! Na wanaomjua kiboko wanajua watu wengi hufia hapo hapo, ukimzibia njia ya kurudi majini. Tukampigia kwenye kitochi chake: bibi usitoke, zima taa. Akajibu kwa sauti ya kanisani, "Nani huyo anavunja fensi?" Yule mnyama akainua kichwa. Mimi nikaanza kusali sala ya wafu.

Akashuka taratibu, akapita pembeni ya choo, tukasikia ubavu unakwaruza bati, kisha maji yakalia. Bibi alitoka kumekucha, akaomba chai ya tangawizi, akaomba na nauli.

Fundi Bomba: Uwiii! Sala ya wafu kwa mtu mzima wa afya!

Binti Usa: Mie na siafu wangu nakaa kimya.

Mwana Mazingira: Pole kwa bibi, lakini mlivunja sheria. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa au bwawa. Matete yanazuia udongo kuingia majini. Kiboko alikuwa kwake.

Mangi Mpole: Mkuu, mimi nilishika panga tu. Mita kampimie shemeji.

Fundi Bomba: Hivi hoteli za ufukweni huwa mnazipimia?

Mwana Mazingira: Usihamishe mada.

Kahawa Chungu: Shemeji yako alidai kifuta jasho cha mahindi serikalini?

Mangi Mpole: Kwa kiwanja kilichokaa vile? Aliogopa hata kupita mlango wa afisa wanyamapori.

Duluti Juu: Jamani, na kenge wangu?

Mzee wa Isale: Mwache. Anakula panya na mayai ya nyoka.

Mama Vifaranga: Na ya kuku!! Mchukue kwako basi. Duluti, wewe ziba chini ya mlango kwa bati, ulizike shibiri moja.

Mangi Mpole: Kwa taarifa tu, shemeji anauza. Kiwanja kinaangalia maji, anayehitaji anitafute.

Binti Usa: Choo kimo kwenye bei?

Mangi Mpole: Kimo. Bati limebonyea upande mmoja tu.