Sembe kilo 5, picha nyingi: Kigoma tumechoka kulishwa masimango

Wakuu, shikamooni wakubwa, wengine habari zenu. Leo nina hasira, mnivumilie.

Mimi nachuuza dagaa Kibirizi, mume wangu anavua kwenye kipe, chombo cha kuvulia dagaa. Ziwa Tanganyika lilipofungwa 2024, kuanzia Mei 15 mpaka Agosti 15, na jiko langu lilifungwa. Sigombani na kufunga ziwa. Samaki wamepungua, kila anayeanika dagaa analijua hilo, waache wazaliane. Ila tumbo la mtoto halijui makubaliano ya nchi 4 zinazopakana na ziwa. Mwezi wa kwanza tulikula akiba, wa pili tukala mtaji, wa tatu ikawa ugali wa muhogo mara moja kwa siku na watoto kulazwa mapema.

Ndipo wakaja watu wa kugawa chakula. Siwataji, wanajijua. Tuliitwa uwanjani saa 3 asubuhi, ugawaji ukaanza saa 8 mchana kwa sababu mgeni rasmi hajafika. Kisha kipaza sauti: jina lako, na shida yako juu. "Huyu mumewe hana kazi." "Huyu aliachwa na watoto." Unapokea mfuko kwa mikono miwili mbele ya bango, unatabasamu. Mimi nilirudishwa nipokee upya eti sikutabasamu. Yaani sembe ileile nimeipokea mara 2!

Jioni picha zimejaa kwenye magrupu ya WhatsApp. Binti yangu wa darasa la 5 wenzake wakampa jina: Sembe. Mpaka leo ukimtuma dukani unga, anazunguka njia ya nyuma.

Kuna mzee hapa mtaani, enzi zake alikuwa na vipe viwili, vijana wengi wa huku yeye ndiye aliyewafundisha kushika wavu. Alifika uwanjani siku ile, akaona kamera, akageuka kimyakimya. Usiku nikampelekea ugali na maharage. Kabla hajafungua mlango akauliza, "Mwanangu, simu umeiacha nyumbani?"

Mtaniambia wafadhili wanataka ushahidi. Daftari lina kazi gani? Saini ipo, dole gumba lipo. Tena Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ilipitishwa tangu 2022, au haimhusu mwenye njaa? Na nyie mnaotuanzia ugawaji kwa dua, someni Al-Baqara aya ya 264, mle mmekatazwa kuharibu sadaka kwa masimango na udhia. Balozi wa nyumba kumi anazijua nyumba zote zisizowasha moto. Mpeni karatasi azipitishe usiku, mtu akachukue unga wake duka la jirani kama mteja mwingine yeyote. Shida iko wapi?

Na sisi wenyewe tusijitoe. Kuna jirani yangu yumo kwenye mpango wa TASAF, ule mfuko wa serikali wa kusaidia kaya maskini, miaka yote tulikuwa tunamwita "Mama TASAF" tukicheka kwenye foleni ya maji. Mimi nilikuwa nacheka kuliko wote. Hela yenyewe anayopata inaishia kwenye madaftari na sare za shule, na bado tulikuwa tunamhesabia kitenge kipya. Nilienda kumwomba radhi. Alinikaribisha chai, hakusema neno, na ule ukimya wake ulinichoma kuliko kipaza sauti cha uwanjani.

Najua kuna watakaokuja hapa kuandika "ungekataa basi". Njoo ukatae wewe, watoto 4 wanakuangalia mikono.

Kwa wengine wote nina ombi moja tu. Kama ile picha bado iko kwenye simu yako, ifute. Mimi ni yule wa kitenge cha njano, wa pili kutoka kushoto, anayetabasamu.