Pikapu ya kazi huku milimani: manyuo au oto? Tuzungumze ukweli

Kamwene ndugu zangu, na nyie wa Tukuyu ugonile.

Juzi nilikuwa gereji pale Mafiati, Mbeya, nasubiri wanifungie kros ya propela, wakazuka wazee wawili karibu washikane mashati. Mmoja anasema pikapu ya oto, ile inayobadilisha gia yenyewe, huku kwetu ni ugonjwa wa kujitakia, mwenzie anamjibu manyuo, ile ya klachi na gia za mkono, ni ushamba uliobaki na wajukuu zao hawatajua hata klachi ni mdudu gani. Gereji nzima ikasimama kazi, mpaka muuza karanga akaweka sinia chini asikilize. Mimi nilikaa kimya, maana kwenye hayo mambo nina aibu yangu, nitaisema hapo mbele.

Sasa naileta kwenu. Mtu anataka pikapu ya kazi, siyo ya kuendea harusini, ya kubeba viazi toka Umalila au Isyonje, mbao Mafinga, kupandisha mbolea Makete. Achukue manyuo au oto? Msimamo wangu nauweka mezani kabisa ili mjue mnapigana na nani: mimi ni manyuo. Ila siyo kwa zile sababu ambazo kila mtu anazitaja, maana zile nyingi ni za uongo.

Ya kwanza hiyo ya kwamba oto haina nguvu ya mlima. Kwa zile oto za zamani za gia nne sawa, ikifika katikati ya mlima inahangaika iingie ya pili au ibaki ya tatu, injini inalia gari haiendi. Lakini hizo habari ni za zamani jamani. Hilux ya 2.8 ile iliyoboreshwa mwaka 2020, nguvu ya kuzungusha, ile mafundi wanaiita toki, ukichukua ya oto ni nyutonimita 500, ukichukua ya manyuo ni 420. Injini hiyo hiyo! Aliyepewa msuli mkubwa ni mwenye oto. Na wakati wa kuondoka oto ina kitu kinaitwa toki konveta, oili ndiyo inayosukuma, na gari inapoanza tu kutembea kile kidude kinauzidisha ule msukumo wa injini, kwa hiyo ukiwa umesimama kwenye kipandisho nyuma ya Fuso la mkaa unaachia breki unakanyaga mafuta unaondoka, hakuna pleti ya klachi inayosuguliwa. Wa manyuo hapo kashika hendbreki, mguu unatetemeka, na nyuma yake kuna mtu kamkaribia utadhani wanaenda kulala wote.

Halafu mnasahau hewa. Mbeya mjini tuko kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, Kitulo ni kama 2,600, na injini isiyo na tabo (ile feni ya kuisukumia hewa) inapoteza kama asilimia 10 ya nguvu kila ukipanda mita 1,000. Piga hesabu, ile Hilux ya zamani ya injini inayoitwa 5L, isiyo na tabo, ikifika Kitulo karibu robo ya nguvu imeiacha njiani, uwe na manyuo, uwe na oto, uwe na punda. Mtu anatoka Dar gari inakimbia, akifika huku anaanza kuitukana giaboksi.

Ya pili ni ya "oto haishiki mteremko". Haishiki kwa sababu umeiacha kwenye D, ile ya kwendea mbele kawaida! Pale pana L, pana 2, ndizo gia ndogo, kwenye mpya pana sehemu ya kusogeza lever kando unashusha gia mwenyewe, watu wanazitazama kama mapambo. Anashuka Iwambi na mzigo, D, mguu juu ya breki toka juu mpaka chini, akifika Mbalizi magurudumu yananuka kama kwato zinazochomwa kisha anasema gari mbovu. Na wa manyuo msicheke, nyie ndiyo mnaongoza kwa kuweka nyutro mtelemkoni eti mnabana mafuta. Hizi injini za kisasa ukiachia eksileta gari ikiwa kwenye gia, nozeli zinazopuliza mafuta zinafungwa kabisa, haili hata tone. Ukiweka nyutro ndiyo inaanza kula ili isizime. Kwa hiyo unahatarisha roho yako na ya turnboi wako, na mafuta bado unalipia.

Sasa aibu yangu. Hilux yangu ya manyuo nilimpa kijana aendeshe, klachi ya kwanza ikakaa miezi saba. Nikafunga nyingine, ikaisha. Ya tatu ilipoanza kuchoka nikasema sitoi hela ya nyingine mpaka nipande naye. Tumetoka Ilembo na gunia za viazi, namtazama miguu. Kavaa ndala, na ule mguu wa kushoto umelala juu ya pedali ya klachi kama paka kwenye godoro, hautoki, njia nzima, kwenye tambarare, kwenye kona, anapiga stori. Tukikuta kipandisho gari ya mbele ikasimama, yeye hashiki breki, anaizuia gari kwa klachi na mafuta, inayumba mbele nyuma mbele nyuma huku anasubiri. Nikamfokea, nani kakufundisha hivi? Akanitazama tu. Niliyemfundisha ni mimi.

Pamoja na hayo nabaki na manyuo, na sababu ni moja: klachi inaaga. Inaanza kukuambia mapema, ukiwa gia ya nne unapanda injini inapiga kelele lakini spidi haiongezeki, pedali inashikia juu juu, kuna ile harufu. Siku hiyo hiyo ya Ilembo tulishusha gunia kumi tukaziacha kwa mwenyeji, tukatambaa gia ndogo mpaka Mbalizi, tukafika nyumbani saa tatu usiku, lakini tulifika. Shemeji yangu yeye ana oto, aliinunua imetumika. Aliamka asubuhi Makete, baridi ya mwezi wa saba, akawasha akaweka D, gari imetulia. Akaweka L, imetulia. Akaweka R, ikarudi nyuma vizuri kabisa. Rivasi ipo, D haipo! Makete hadi Mbeya kwa rivasi mtanisaidia. Kuivuta kwa kamba haikufaa, maana pampu inayosukuma oili kwenye giaboksi ya oto inazungushwa na injini, ukiivuta injini imezima matairi yanayoendesha yakiwa chini unaisaga kikavu. Ilibidi ipandishwe kwenye lori. Haya semeni.

Fundi wa Mafiati

Mkuu umeongea vizuri ila giaboksi ya shemeji yako nayo iliaga, yeye ndiyo hakusikiliza. Oto huwa inaanza kuchelewa, unaweka D inakaa sekunde moja mbili ndiyo inagonga "gdu". Ama inapanda gia kwa kuruka. Ama ukichomoa stiki ya kupimia oili (kama ina stiki, za siku hizi nyingi hazina) unakuta oili iliyotakiwa kuwa nyekundu imekuwa ya kahawia na inanuka kuungua. Asilimia kubwa ya oto ninazofungua hapa zimekufa kwa oili, siyo kwa mlima. Mtu ananunua gari ina kilomita laki moja na hamsini, hajui kama iliwahi kubadilishwa, anaambiwa na wauzaji hii oili ni ya maisha. Maisha ya nani? Gari ya mizigo milimani oili inachemka, badilisha mapema na weka ile iliyoandikwa kwenye kitabu cha gari, msituletee habari ya "oili zote nyekundu ni sawa".

Na muangalie rejeta. Kwenye gari nyingi oili ya oto inapozwa ndani ya rejeta, ikitoboka humo ndani maji yanaingia kwenye giaboksi. Ukifungua unakuta kitu kama chai ya maziwa. Hapo hakuna fundi, kuna mchungaji.

Ila kwa kijijini nakubaliana na wewe. Klachi pleti, presha pleti na rilizi bearing nakufungia chini ya mparachichi nikiwa na jeki mbili na kijana mmoja. Oto siwezi kuifungua kwenye vumbi.

Mama Viazi, Uyole

Nyie wanaume mnajadili milima utadhani mnalala huko. Mimi nina pikapu ya oto mwaka wa tatu, naendesha mwenyewe. Kwenye mlima nakaa saa moja, kwenye foleni nashinda. Toka Uyole mpaka Kabwe hizi siku za ujenzi wa njia nne, ukanyage klachi, uachie, ukanyage, uachie, bajaji hapo, bodaboda pale, goti langu hili la kushoto si la kuazima.

Halafu baba nikuulize kwa heshima, wewe umefunga klachi tatu ukasema klachi inaaga. Hizo klachi tatu na siku ambazo gari ililala, viazi vikaota, umeziweka kwenye hesabu? Maana mimi naona umeagwa mara tatu na kila mara umetoa hela ya nauli.

Na dereva wa kuajiriwa ndiyo kabisa. Huyo hana uchungu na pedali yako. Oto inamnyang'anya kitu cha kuharibu.

Wa Kyela

Kamata Land Cruiser mkonga, ile ngumu ya kazi yenye bomba la hewa pembeni ya kioo, mjadala umefungwa. Chuma cha manyuo, hakijawahi kuwa na mambo ya oto.

Fundi wa Mafiati

Umelala kijana wangu. Toka 2023 Toyota wameanza kutoa mkonga wa injini 2.8 wenye oto ya gia sita. Hata mkonga umehama.

Wa Kyela

Duh. Basi dunia imekwisha.

Mnyalu, Kilolo

Mmeacha moja. Asubuhi ya baridi betri imekufa, uko Dabaga huko, manyuo unaita vijana wanne mnasukuma, gia ya pili, unaachia klachi, inawaka, unawapa hela ya soda. Oto mnasukuma mpaka jioni.

Mleta mada

Nimerudi, nilikuwa shamba.

Mnyalu hiyo ya kusukuma ni kweli lakini isiwadanganye watu wa dizeli za kisasa. Hizo zina kompyuta na nozeli za umeme, betri ikiwa imekufa kabisa kabisa hata msukume na kijiji kizima haiwaki, lazima iwe imebaki na chaji kidogo. Zile injini za zamani za 3L na 5L, zisizo na kompyuta, ndiyo zilikuwa zinatosheka na umeme kidogo sana.

Mama Viazi, shikamoo kwanza. Swali lako limenikalia tumboni tangu jana. Nilichukua daftari nikaandika, klachi tatu, ufundi, na zile siku. Kuna mzigo mmoja wa viazi ulikaa siku nne Ilembo umefunikwa turubai kwenye mvua, nilikuwa nimeusahau kwa makusudi. Nikijumlisha, ni hela nyingi kuliko nilivyokuwa najiambia. Kwa hiyo hapo nakupa haki yako, mtu wa mjini, anayeendesha mwenyewe, akipata oto ambayo historia yake anaijua, achukue, na asimsikilize mzee yeyote wa gereji nikiwemo mimi.

Lakini la dereva tutabishana. Umesema oto inamnyang'anya kitu cha kuharibu. Inamnyang'anya kidogo, na kikubwa kinabaki. Dereva mwenye tabia mbaya kwenye oto anatoka rivasi anaingia D gari bado inarudi nyuma. Amekwama kwenye matope anakanyaga mafuta D, R, D, R, matairi yanazunguka bure dakika kumi na oili inachemka humo ndani hakuna anayeisikia. Hajui kuweka 4L, ile gia ndogo ya matairi manne. Na wewe nyumbani hupati harufu wala mlio, unapata simu. Kwenye manyuo ubaya wa dereva nauona kila wiki kwenye pedali, namkemea, nampa viatu. Nilimnunulia kijana viatu vya soli nene, siyo utani, na nikamwekea sheria: mguu wa kushoto ukimaliza kazi uwekwe chini, na kwenye kipandisho hendbreki ndiyo inashika gari. Mimi mwenyewe imenichukua kama mwezi kuacha, mke wangu alikuwa ananipiga kofi la goti kila nikisahau. Klachi ya nne sasa ina mwaka na miezi miwili.

Fundi, hapo kwenye kuchelewa sekunde mbili umenifungua. Nilimpigia shemeji nikamuuliza, akasema ndiyo, ilikuwa inagonga "gdu" tangu mwezi wa nne, akadhani ni baridi. Kwa hiyo nasahihisha maneno yangu, oto nayo inaaga, ila inaaga kwa sauti ndogo na kwa mtu anayejua lugha yake. Klachi inaaga kwa harufu, hata mbuzi wa nyuma wanajua. Nikipeleka gari Umalila kwenye utelezi ule wa udongo mwekundu, na fundi wa karibu ni yule mwenye jeki mbili chini ya mparachichi, nataka ile inayonuka.

Kwa anayeuliza habari ya ile oto ya shemeji, ilitengenezwa, imerudi barabarani, na juzi kaitangaza anaiuza, kaandika "haina tatizo lolote". Atakayeenda kuiangalia aende asubuhi kabla haijapata moto, aiweke D, halafu ahesabu.