Kromatini ndani ya kiini: inatikiswa na joto tu, au seli inaisukuma?

Mleta mada:
Wakuu, jambo hili limetugombanisha mimi na mwenzangu wiki nzima, nalileta hapa. Kwamba kromatini, yaani DNA ikiwa imejiviringisha kwenye protini za histoni, haikai tuli, hilo halina ubishi. Mwaka 1997 watafiti Marshall, Sedat na wenzao waliifuatilia kwa hadubini ndani ya seli hai, za hamira zikiwamo. Nukta ya kijani iliyobandikwa kwenye kromosomu inachezacheza huku na huku, haitoki eneo lake. Mbuzi hula urefu wa kamba yake.

Ubishi ni nani anayemtikisa mbuzi. Mwenzangu anasema ni joto tu; mimi nasema ni ATP, molekuli inayoipa seli nishati. Mwaka 2013 Zidovska, Weitz na Mitchison walionyesha kwenye seli za binadamu maeneo ya mikromita kadhaa yakisogea pamoja kwa sekunde kadhaa, na kiini chenyewe kina kama mikromita 10 tu! Walipoondoa ATP, mwendo ule wa pamoja ukapotea. Joto halina akili ya kupanga foleni.

Mchangiaji 1:
Taratibu mkuu. Ukikata ATP hujazima injini peke yake. ATP hushikilia ayoni za magnesi. Ikiisha, magnesi inabaki huru na kromatini inabana. Kundi la Maeshima kule Japani lilionyesha hilo mwaka 2018, likichunguza seli zinazogawanyika. Uzi uliobana utachezacheza kidogo hata kama kinachousukuma ni joto tupu. Sasa hapo umepima injini au umepima mbano?

Mleta mada:
Hiyo imenigusa, sikatai. Lakini mbano unaeleza kwa nini mtikisiko umepungua. Haunielezi kwa nini mwanzoni maeneo yale yalikuwa yanakwenda pamoja.

Mchangiaji 1:
Wavu, ndugu yangu. Vuta jicho moja, ya jirani yanafuata, na wala wavu hauna injini.

Mleta mada:
Yanafuata hatua mbili tatu, si nusu ya wavu.

Mchangiaji 2:
Mnabishania ATP kana kwamba ina kazi moja. Chukueni kunakili jeni kuwa RNA tu. Gu na wenzake, mwaka 2018, kwenye seli za panya: jeni ikiwashwa, promota na enhansa zake, yaani vipande vya DNA vinavyoiwasha, zinatembea zaidi. Mwaka uliofuata Nagashima na wenzake, seli za binadamu: ukizuia RNA polimeresi II, kimeng'enya kinachonakili jeni, kromatini ndiyo inatembea zaidi, maana yake kunakili kunaifunga breki. Msukumo au breki?

Mimi sioni kama kuna aliyekosea. Wa kwanza walifuata vipande vya jeni maalumu, wa pili histoni mojamoja zilizotapakaa kiini kizima. Jeni moja inaweza kuchangamka huku mtaa mzima umetulia. Atakayenibadilisha aniletee vipimo vyote viwili kutoka seli ileile, dakika ileile.