Sensa ya presha ya RS-485: nichukue Modbus RTU au ASCII?

PampuMoja: Wakuu, naomba ushauri kabla sijalipa. Sensa ya baa 0–10 ya bomba la maji ipo ya aina mbili, bei sawa: moja Modbus RTU (inajibu kwa baiti ikiulizwa), nyingine inatuma yenyewe mstari wa ASCII (maandishi ya kusomeka) kila sekunde. Zote hutumia RS-485, mawasiliano ya waya mbili. Itasomwa na ESP32 (kompyuta ndogo ya chipu).

WayaMrefu: Mkuu, mbona ya msingi hujasema? Sensa ngapi, umbali gani, inveta ya pampu (kifaa cha kubadili kasi ya mota) ipo?

kodi_safi: Chukua ASCII. Unafungua terminali unaona P=06.02, huhangaiki na baiti.

WayaMrefu: Kelele ya umeme ya inveta ikigeuza biti moja, '6' (0x36) inakuwa '7' (0x37). Programu inapokea 7.02 bila kushtuka. Pariti (biti ya ukaguzi ya kila herufi) hunasa biti moja, zikigeuka mbili zinapita. RTU ina CRC (namba ya kukagua makosa) ya biti 16: fremu (ujumbe mzima) mbovu unaitupa, unauliza upya.

MamaRejista: Ila CRC haikusaidii kwenye mpangilio wa rejista (visanduku vya biti 16 vya kuhifadhi namba), na hapo ndipo watu wanapoumia. Unatuma 01 03 00 00 00 02 C4 0B kuomba rejista mbili, inajibu 01 03 04, baiti nne za data, halafu CRC. Baa 6.0 kwa floti (namba ya desimali inayokaa rejista mbili) ni 40 C0 00 00. Sensa nyingine hutanguliza rejista ya chini: 00 00 40 C0. CRC inakubali, skrini inaonyesha 0.00. Fundi anabadili waya, anafungua bomba, anailaumu sensa, kumbe ni kupindua rejista mbili tu. Tena kitabu kikisema rejista 40001, kwenye fremu unaandika 0. Mdai muuzaji jedwali la rejista kabla hujatoa hela.

PampuMoja: Sensa 3, mita 80, inveta ipo.

WayaMrefu: Basi hiyo ASCII haifai. Tatu zikijitumia kwenye laini moja zitagongana.

kodi_safi: Ipo ASCII ya kuulizwa kwa anwani, yenye LRC (namba ya ukaguzi kama CRC).

MamaRejista: Ipo, lakini siyo anayouziwa. PampuMoja, sensa mpya mara nyingi zote huja na anwani 1. Unganisha moja moja uzibadilishe kwanza.

WayaMrefu: Na ESP32 ni volti 3.3, tumia chipu ya MAX3485 kuiunganisha na laini ya RS-485. Usishushe DE (pini yake ya kuwasha utumaji) kabla baiti ya mwisho haijatoka, utakata CRC. Rezista ya ohm 120 kila mwisho wa laini.

kodi_safi: Mita 80 kwa kasi ya biti 9600 kwa sekunde? Hizo ohm 120 hazihitajiki, zinakula umeme bure.

WayaMrefu: Inveta ipo, mkuu. Weka.

PampuMoja: Na shildi ya kebo (ganda la chuma la kuzuia kelele) niifunge ardhini upande mmoja au zote mbili?